Mwanazuoni wa Hilali: Maisha na Jiometria ya Ibn al-Haytham

Jina la Abu Ali al-Hasan ibn al-Hasan ibn al-Haytham si geni kwa mtu yeyote aliyepitia, japo kwa juujuu, historia ya sayansi. Aghalabu hutajwa kuwa bingwa wa elimu ya mwanga, aliyebainisha kwamba jicho huona kwa kuupokea mwanga unaotoka kwenye vitu, wala halirushi miali yake lenyewe kwenda kuvigusa vitu hivyo. Sifa hiyo ni haki yake. Hata hivyo, makala hii inanuia kuyasimulia maisha yake kwa kuuangazia upande usiotajwa sana, nao ni ule wa mjuzi wa jiometria aliyelirudia swali moja tena na tena: maduara mawili yanapopandana, sehemu ya duara moja ikawa imefunikwa na jingine, je, eneo la kipande kinachosalia nje ni kiasi gani? Kipande hicho, kilichozungukwa na matao mawili yanayopinda upande mmoja, kina sura ya mwezi mchanga. Waarabu walikiita hilali, neno ambalo Kiswahili nacho kimelihifadhi, nasi tutalitumia bila kusita.

Mwanazuoni huyu alizaliwa mnamo mwaka wa 965 hivi katika mji wa Basra, kusini mwa Iraki ya leo. Enzi hiyo vitabu vya Kigiriki vya hisabati vilikuwa vimekwisha kutafsiriwa kwa Kiarabu. Kitabu cha misingi ya jiometria cha Euclid, kitabu kikuu cha falaki cha Ptolemy na maandishi ya Archimedes yalisomwa, yakafafanuliwa na kukosolewa na vizazi kadhaa vya wasomi wa Baghdad kabla ya yeye kuzaliwa. Ibn al-Haytham basi hakuanza na ukurasa mtupu. Alirithi hazina, na warithi wa hazina, kama tujuavyo, wako wa namna mbili: wapo wanaoihesabu tu na wapo wanaoifanyia biashara. Yeye alikuwa wa kundi la pili.

Kuhusu ujana wake twategemea maelezo yaliyohifadhiwa na Ibn Abi Usaybia, mwandishi wa karne ya 13 aliyekusanya habari za matabibu na wanazuoni. Humo tunaelezwa kwamba kijana huyu alitatizwa mno na tofauti za madhehebu mbalimbali, kila kundi likidai kushika ukweli. Alifikia uamuzi kuwa ukweli ni mmoja, na kwamba hitilafu zimo katika njia za kuuendea. Ndipo alipogeukia elimu ambazo hoja zake zinaweza kukaguliwa na mtu yeyote mwenye akili timamu, yaani mantiki, hisabati na maumbile. Hapa hatuna budi kutoa tahadhari. Mtafiti Roshdi Rashed, ambaye ndiye aliyehariri na kuchapisha maandishi mengi ya hisabati ya Ibn al-Haytham, ameshikilia kuwa waandishi wa kale waliwachanganya watu wawili, mwanafalsafa aliyeitwa Muhammad ibn al-Hasan na mwanahisabati wetu al-Hasan ibn al-Hasan. Wengine, akiwemo A. I. Sabra, mfasiri wa kazi yake ya elimu ya mwanga, walilipinga dai hilo. Kwa maoni yetu, hata kama maelezo yale ya ujana ni ya mtu mwingine, yanalingana na tabia inayojitokeza katika vitabu vya jiometria: kutoridhika na kauli ya mkubwa yeyote hadi hoja yake ipimwe. Tabia hiyo ndiyo iliyomwongoza kuandika kitabu kizima cha kuorodhesha shaka zake juu ya Ptolemy, ambaye kwa zama hizo kumtilia shaka kulikuwa sawa na kuutilia shaka mlima.

Kisa kinachosimuliwa zaidi katika maisha yake ni kile cha Mto Nile. Mwandishi Ibn al-Qifti, aliyefariki mwaka wa 1248, anasimulia kwamba Ibn al-Haytham alisikika akisema kuwa lau angekuwa Misri angeweza kuyadhibiti maji ya mto huo ili yafae wakati wa mafuriko na wakati wa ukame. Habari zilimfikia al-Hakim, khalifa wa Kifatimi aliyetawala kutoka Kairo tangu mwaka wa 996. Khalifa akamwita, akatoka mwenyewe nje ya mji kwenda kumlaki, kisha akampa mafundi na vifaa vya kwendea kusini. Msafara ulipanda mto hadi karibu na Aswan, mahali maji yanapoporomoka kwenye majabali. Njiani humo aliyatazama majengo ya Wamisri wa kale, akaona ustadi wa vipimo vyake na ukamilifu wa michoro yake. Ikampambazukia kwamba watu wenye ujuzi wa kiwango kile wasingeuacha mto bila kuufunga lau jambo hilo lingewezekana kwa nyenzo zilizokuwapo. Alipolikagua lile poromoko lenyewe, alithibitisha hofu yake. Akarudi Kairo, akakiri mbele ya khalifa kwamba ameshindwa.

Kukiri huko hakukuwa jambo jepesi. Al-Hakim alijulikana kwa kuwaua mawaziri na maafisa wake kwa sababu ambazo hakuna aliyeweza kuzitabiri. Ibn al-Haytham alipewa kazi katika ofisi ya serikali, naye akaipokea kwa hofu wala si kwa kupenda. Hatimaye, kwa mujibu wa Ibn al-Qifti, alijifanya mwendawazimu. Mali yake ikachukuliwa, akafungiwa nyumbani mwake chini ya uangalizi, akabaki katika hali hiyo mpaka khalifa alipotoweka mwaka wa 1021. Ndipo akili zake ziliporejea ghafla. Ipo pia riwaya tofauti ya al-Bayhaqi, mwandishi wa karne ya 12, inayodai kwamba khalifa mwenyewe ndiye aliyeukataa mpango wa Nile kwa kuwa gharama yake ingeizidi faida, na mwanazuoni akakimbilia Shamu. Riwaya hizi mbili haziwezi kuwa kweli kwa pamoja, na zote ziliandikwa muda mrefu baada ya tukio. Zinakubaliana katika jambo moja tu, kwamba mradi wa Nile haukufanyika. Misri ilisubiri hadi mwaka wa 1902 kupata bwawa la kwanza la Aswan, na hadi 1970 kukamilika kwa lile kubwa.

Baada ya mwaka wa 1021 aliishi karibu na msikiti wa al-Azhar. Riziki yake ilitoka kwenye kalamu. Inasimuliwa kwamba kila mwaka alinakili vitabu vya Euclid, vitabu vya kati vilivyosomwa baada ya Euclid, na kile cha Ptolemy, akaviuza kwa dinari 150 za Kimisri, bei ambayo haikujadiliwa. Fedha hizo zilimtosha kwa mwaka mzima. Imesalia hadi leo katika maktaba mjini Istanbul nakala ya kitabu cha Apollonius kuhusu mikato ya pia, iliyoandikwa kwa mkono wake mnamo mwaka wa 1024. Mtu anayenakili hisabati kwa mkono mwaka baada ya mwaka huijua kwa namna ambayo msomaji wa haraka haijui, kwani kila mstari wa uthibitisho sharti upite vidoleni mwake. Yamkini ndiyo sababu maandishi yake mwenyewe yana mpangilio wa kuonea wivu.

Sasa tuingie katika hilali. Tunamwomba msomaji achukue karatasi na bikari, maana maneno matupu hayatatosha.

Chora pembetatu yenye pembe mraba. Pande mbili zinazokutana kwenye pembe mraba ziwe na urefu wa sentimita 6 na sentimita 8. Ule upande mrefu unaozikabili utakuwa sentimita 10. Sasa chukua upande mrefu uwe kipenyo, uchore juu yake nusu duara inayoelekea upande iliko pembe mraba. Nusu duara hiyo itapita barabara kwenye ncha ya pembe mraba, kwa kanuni inayofahamika tangu zamani za Wagiriki. Kisha juu ya kila upande mfupi chora nusu duara inayoelekea nje. Utaona kwamba kila nusu duara ndogo imepandana na ile kubwa: sehemu yake moja imeingia ndani ya nusu duara kubwa, na sehemu nyingine imebaki nje, nyembamba kwenye ncha na nene katikati. Hizo zilizobaki nje ndizo hilali mbili. Eneo lake ni kiasi gani?

Anayeanza kwa kuikabili hilali yenyewe atataabika. Mipaka yake ni matao ya maduara tofauti, na kila tao linahitaji hesabu yake. Ibn al-Haytham hakuikabili. Aliangalia kile ambacho maumbo yanashiriki. Eneo la nusu duara hutegemea mraba wa kipenyo chake. Kwa kanuni ya Pythagoras, miraba ya pande mbili fupi ikijumlishwa huwa sawa na mraba wa upande mrefu: 36 na 64 ni 100. Kwa hiyo nusu duara mbili ndogo zikijumlishwa zina eneo sawa na nusu duara kubwa, bila kupungua wala kuzidi. Baina ya kila upande mfupi na tao la nusu duara kubwa kuna kipande chembamba. Vipande hivyo viwili ni mali ya pamoja: vimo ndani ya nusu duara ndogo, na vimo pia ndani ya nusu duara kubwa. Viondoe pande zote mbili za mizani. Kwenye nusu duara ndogo zitasalia hilali mbili. Kwenye nusu duara kubwa itasalia pembetatu. Basi hilali mbili kwa jumla zina eneo sawa na pembetatu, ambalo ni nusu ya 6 mara 8, yaani sentimita za mraba 24.

Tunakiri kwamba hatujaona hesabu nyingi zenye uzuri wa namna hii. Maeneo ya maduara hayaepuki ile namba sumbufu inayoitwa pai, ambayo tarakimu zake hazina kikomo. Nusu duara zetu tatu zina pai ndani yake. Vile vipande vyembamba vina pai ndani yake. Lakini jumla ya hilali ni 24 kamili, kana kwamba haijawahi kukutana na duara maishani mwake. Ukizipima hilali moja moja, ile iliyo juu ya upande wa sentimita 6 ina takriban sentimita za mraba 10.05, na ile ya upande wa sentimita 8 takriban 13.95. Moja moja hazitoi namba nyoofu. Zikiwa mbili, usumbufu wa moja huufuta usumbufu wa nyenzake.

Wazo la hilali halikuanza naye. Hippocrates wa kisiwa cha Chios, aliyeishi katika karne ya 5 kabla ya Kristo, alikwisha kuonyesha kuwa pale pande mbili fupi zinapolingana, kila hilali ni sawa na nusu ya pembetatu. Huyu si Hippocrates tabibu, japo waliishi karne moja na majina yao huwakanganya wengi. Alichofanya Ibn al-Haytham ni kukiondoa kile kizuizi cha kulingana. Alionyesha kwamba pande zikiwa na urefu wowote, maadamu pembe mraba ipo, jumla ya hilali haibadiliki. Hadi leo wanahisabati huziita hilali za Alhazen, kwa jina alilopewa na Walatini. Kwanza aliandika risala fupi juu ya maumbo haya. Baadaye akayarudia katika risala ndefu zaidi, akayachunguza matao makubwa na madogo kuliko nusu duara, na hali ambapo si jumla ya hilali bali tofauti yake ndiyo inayolingana na umbo lenye pande nyoofu. Hii ndiyo alama ya mwanachuo wa kweli, kwamba hakuacha jambo lilipokubali kwa bahati. Aliliandama mpaka ajue ni kwa nini linakubali na wapi linapogoma.

Palikuwa na jambo kubwa lililomsukuma. Ikiwa hilali, umbo lililozungukwa na matao matupu, linaweza kuwa sawa na pembetatu, kwa nini duara lenyewe lisiwe sawa na mraba? Swali hilo lilikuwa limewatesa wajuzi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Kwa Kiarabu huitwa kulifanyia duara tarbii, na mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili ataitambua sauti hiyo papo hapo. Mzizi ni ule ule wa nne unaotupa tarbia, shairi la mishororo minne, na mraba, umbo la pande nne, na hata robo. Mtunzi wa tarbia na mjuzi wa jiometria hawatendi kazi moja, bila shaka, lakini kila mmoja anajaribu kukitia katika pande nne kitu ambacho asili yake haina pembe.

Katika risala yake juu ya suala hili, Ibn al-Haytham alianza na hilali zile zile. Hakuchora mraba ulio sawa na duara, na risala haina ujenzi huo. Alichokitetea ni jambo tofauti na, kwa maoni yetu, la kina zaidi. Alidai kwamba mraba wenye eneo sawa na duara upo, awe mtu anajua kuujenga au hajui. Uwiano baina ya maeneo mawili ni kitu kilicho thabiti chenyewe. Ujuzi wa mwanadamu haukiumbi wala ujinga wake haukiondoi. Wapo waliomlaumu kwa hoja hiyo, wakisema kuwa ameahidi nyama akaleta mchuzi. Lakini tumkumbuke yule mtu aliyesimama Aswan. Pale alilazimika kukiri kwamba jambo lisilowezekana kwa mikono haliwezekani, hata khalifa akasirike vipi. Kwenye duara alikataa kauli iliyo kinyume chake, ile inayosema kwamba kisichowezekana kwa mikono hakipo. Mtu aliyezijua kauli hizo mbili kuwa ni tofauti hakuwa mtu wa kubahatisha.

Jibu la mwisho lilichelewa sana. Mwaka wa 1882 Mjerumani Ferdinand von Lindemann alithibitisha kwamba pai ni namba ya aina ambayo haiwezi kupatikana kwa rula na bikari. Mraba sawa na duara upo, kama alivyoshikilia mzee wa Basra, ila vyombo hivyo viwili havitaujenga kamwe. Kuhusu hilali moja moja, Hippocrates alikuwa amepata aina tatu zinazoweza kugeuzwa kuwa mraba, na karne ya 18 ikaongeza mbili. Warusi Chebotaryov, mwaka wa 1934, na Dorodnov, mwaka wa 1947, walifunga mlango: miongoni mwa hilali ambazo pembe za matao yake zina uwiano wa namba kamili, hakuna ya sita.

Hilali zilimfuata hata katika elimu ya mwanga. Ameacha risala kuhusu sura ya kupatwa kwa jua. Jua likipatwa kwa sehemu, na mwanga wake ukapenya kwenye tundu dogo la mviringo hadi ukutani mwa chumba chenye giza, huonekana hilali. Tundu likipanuliwa, hilali hupotea na badala yake huja mviringo. Kwa nini? Maelezo yake ni ya mtu aliyezoea maduara yanayopandana. Kila nukta ya hilali ya jua hupeleka ukutani duara dogo la mwanga lenye sura ya tundu. Tunachokiona ni maduara hayo yasiyohesabika, moja juu ya jingine. Yakiwa madogo, mpangilio wake huhifadhi sura ya hilali. Yakiwa makubwa, hujazana katika lile pengo la ndani hadi likazibika. Alipima ukubwa wa tundu kwa kuulinganisha na umbali wake, hakukisia.

Alifariki Kairo yapata mwaka wa 1040. Orodha za kale zinampa vitabu na risala zaidi ya 90, na nyingi zimepotea. Kitabu chake cha elimu ya mwanga, chenye juzuu saba, kilitafsiriwa kwa Kilatini, kikachapishwa Basel mwaka wa 1572, kikasomwa na kina Kepler. Risala za hilali hazikupata bahati hiyo. Ulaya haikuzisoma, na zilibaki katika miswada hadi wahariri wa zama zetu walipozitoa vumbi. Sura yake imewekwa kwenye noti ya dinari 10,000 ya Iraki. Wanafalaki nao wamelipa jina la Alhazen shimo mojawapo la mwezini. Liko karibu na ukingo wa mashariki wa mwezi, upande unaoanza kumulikwa mwezi unapoandama, na mwenye darubini anaweza kulitafuta usiku wa tatu au wa nne, hilali ikiwa bado changa.